Nilivyomsindikiza Shangazi Domitila Majini

Ndugu zangu wa kijiweni,

Nimechoka kueleza. Kila nikianza, Hamisi ananikatiza kabla basi halijafika Morogoro, na Rehema anataka nianzie mwisho. Basi nimeandika. Someni wenyewe, mkatizane wenyewe. Habari za tiketi na hati za kusafiria nimeziruka kwa sababu hazijawahi kumfurahisha mtu.

Mnachopaswa kujua kwanza ni hiki. Baba yangu alikulia ukimbizini Karagwe. Dada yake mkubwa, Shangazi Domitila, alikulia Goma, Kongo, kwa kuwa siku ya kukimbia Rwanda familia iligawanyika, wengine wakaelekea mashariki na wengine magharibi. Baadaye Shangazi alirudi Rwanda, akajenga Gisenyi, karibu na mpaka kiasi kwamba jogoo wa Goma ndiye anayemwamsha. Baba akabaki huku.

Mwezi uliopita Baba akanipigia simu: "Shangazi yako anataka uwe msindikizaji kwenye ubatizo. Uende, na usiende kubishana." Nikauliza ni nani anayebatizwa. Simu ikakatika, au Baba aliikata. Kwa Baba ni vigumu kujua.

Sikuuliza tena. Kwa nini niulize? Shangazi ana wajukuu wengi, na mmoja alikuwa amezaliwa juzi juzi. Kwetu Karagwe anayebatizwa ni kichanga, analia, anamwagiwa maji, watu wanakula pilau. Nikaenda Kariakoo nikanunua gauni jeupe la kitoto lenye lesi, pamoja na kofia yake ya kufunga kwa utepe chini ya kidevu.

Shida ilikuwa moja tu, na ninyi mnaijua: siamini. Nilisoma falsafa, nikaanza kuuliza, na tangu hapo sijaacha. Msindikizaji huulizwa mbele ya watu kama anaamini. Nikisema ndiyo, nitakuwa mwongo kanisani. Nikisema hapana, nitaharibu ubatizo wa mtoto ambaye hajanikosea. Nikajiambia barabara ni ndefu, nitaamua njiani.

Dar hadi Kahama

Kando yangu alikaa mama mmoja wa Kahama, mnene, mchangamfu, aliyejitambulisha kwa jina la Mama Zawadi na ambaye kabla ya Chalinze alikuwa ameshajua kilichomo ndani ya begi langu.

"Hongera, baba," akasema. "Wa kwanza?"

"Si wangu, mama. Ni wa kwa Shangazi."

"Ndivyo mnavyosema." Akawageukia watu wa nyuma. "Kijana huyu anampelekea mwanawe gauni Rwanda, anamwonea haya!"

Kufika Dodoma basi zima lilikuwa linanishauri kuhusu kucheua. Nikaona njia pekee ya kujiokoa ni kubadilisha mazungumzo, nikamuuliza Mama Zawadi haoni kwamba kumbatiza mtu asiyejua kuongea ni sawa na kumsainisha mkataba akiwa usingizini. "Maana yeye hakuchagua, sivyo? Na asiyechagua hawezi kuwajibika, sivyo? Kwa hiyo..."

"Baba," akasema, "Singida hiyo. Nunua kuku."

Nikanunua kuku. Singida wanampitisha dirishani akiwa mzima wa mwili, amekaangwa, amekunja miguu kama anayesali. Tulikuwa tunamla vizuri wakati mpira wa gurudumu la nyuma ulipopasuka. Tukashuka, tukakaa kando ya barabara karibu na mbuzi wanane ambao hawakutujali, fundi akilala chini ya basi huku utingo akimwangazia kwa simu mchana kweupe. Mama Zawadi alinimalizia paja, akisema baba mpya hapaswi kula mafuta mengi.

Rusumo

Pale Rusumo unavuka daraja juu ya maporomoko, na magari yanahama kutoka kushoto kwenda kulia. Nilijua, nilishasoma, hata hivyo lori la kwanza lilipotujia upande huo, nilipiga kelele. Nilikuwa peke yangu niliyepiga.

Rwanda hawataki mifuko ya plastiki. Hilo pia nililijua, ila sikufikiria kwamba gauni la kitoto huuzwa likiwa ndani ya plastiki. Afisa, kijana mwenye kola iliyopigwa pasi mpaka inakata, akalitoa taratibu, akaichukua ile plastiki kwa vidole viwili kama mkia wa panya, akanirudishia gauni likiwa tupu.

"Mtoto yuko wapi?" akauliza.

"Gisenyi."

"Mama yake?"

"Simjui."

Akaniangalia sana. "Humjui mama ya mtoto wako?"

Nikaanza kueleza. Foleni nyuma yangu ikaanza kusaidia kueleza. Mwishowe akagonga muhuri na kuniambia, kwa upole wa mtu aliyeona mengi, "Nenda tu. Ukimuona atakufurahisha."

Kuanzia hapo nilibeba gauni mkononi, maana begi lilikuwa limejaa harufu ya kuku.

Kigali, kwenye saa ya ukutani

Nililala nyumba ya wageni karibu na kituo cha Nyabugogo. Ratiba ilikuwa hivi: Jumamosi alasiri kuna somo la mwisho Gisenyi, na msindikizaji asiyehudhuria somo hasindikizi. Ubatizo ni Jumapili asubuhi. Sikuwa na nafasi ya kuchelewa.

Mapokezi niliona saa ya ukutani iko nyuma kwa saa nzima. Nikamwonyesha mwenye nyumba saa yangu ya mkononi, nikamuuliza biashara gani inaweza kwenda mbele na saa ya namna hiyo. Sikungoja anijibu. Nikapanda kiti, nikaisahihisha. Mzee akanitazama akiwa na kikombe cha chai mkononi, akasema "Murakoze," ambayo ni asante, akaenda kulala.

Asubuhi nikatoka mbio na begi. Mji ulikuwa umefungwa. Hakuna basi, hakuna pikipiki, hakuna duka. Nikadhani kuna msiba wa taifa. Kumbe ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ambapo kila mtu anafanya kazi ya pamoja mtaani kwake na nchi nzima inasimama mpaka kazi iishe. Mwenye nyumba, huyo huyo, akanipa jembe.

"Mimi ni msafiri," nikasema.

"Muda upo," akasema. "Kwa saa yako umeshachelewa. Kwa saa yetu bado."

Nilidhani ananitania. Nikazibua mtaro pamoja na wahasibu wawili na mchungaji wa mtaa mwingine, nikiuliza kwa sauti kama kazi ya hiari inayosimamisha mabasi bado ni ya hiari. Nilijijibu vizuri sana. Mchungaji akaniomba nisogee kidogo, nilikuwa nimesimama juu ya matope aliyotaka kuyatoa.

Kigali hadi Gisenyi

Barabara ya kwenda Gisenyi haijui kunyooka. Tulipita Musanze, volkano zikiwa zimevaa mawingu, nami nikiwa nimekaa ukingoni mwa kiti nikiitazama saa yangu kila kona. Kanama tulisimama kupakia magunia ya viazi na mwanamke mwenye kuku hai. Nikahisi kuku yule ananijua. Saa yangu ilisema somo limeshaanza. Halafu ikasema limefika katikati.

Tuliposhuka Gisenyi ziwa lilikuwa pale chini, kubwa, limetulia, na Goma pembeni kama mtaa wake mwingine. Nikaruka juu ya pikipiki, dereva akanivika helmeti iliyonifunika macho, tukapanda hadi kanisa dogo la bati ambalo Baba alinielekeza. Nikaingia kwa kishindo, gauni mkononi, nikatoa hotuba ndefu ya kuomba radhi kuhusu mpira, umuganda, Kanama na magunia.

Kanisani kulikuwa na msichana wa miaka kama tisa akifagia.

"Umekuja mapema," akasema.

Ndipo nikaelewa. Ninyi mnacheka kwa kuwa mnajua. Rwanda wako nyuma yetu kwa saa moja. Nilikuwa nimepanda kiti kwa ujasiri, nikaisahihisha nchi.

Benchi la watoto

Yule msichana aliitwa Ineza. Baada ya muda watoto wengine wakaingia, wakakaa kwenye benchi fupi za mbele, zile ambazo mtu mzima akikaa magoti yanamgusa kidevu. Nyuma yao wakaja watu wazima wachache, na wao wakakaa kwenye benchi zile zile. Wa mwisho alikuwa Shangazi Domitila.

Sikuwa nimemwona miaka mingi. Ni mrefu, ana kitenge cha Goma kilichokazwa kama ngoma, na anaingia mahali kama mtu anayekuja kukagua. Maisha yake yote amevusha maharage mpakani. Wachuuzi wa pande zote mbili wanamwogopa. Akanikumbatia, kisha akaona gauni.

"Hii ni ya nani?"

"Ya mtoto, Shangazi. Anayebatizwa."

"Mutoto anayebatizwa," akasema, "ni mi."

Kanisa la Shangazi, kumbe, halibatizi vichanga. Linabatiza waliokua, na linawazamisha mwili mzima ziwani. Nikaficha kofia mfukoni. Gauni sikuwa na pa kulificha.

Mwalimu wa darasa alikuwa Mwalimu Silasi, fundi cherehani mwenye sauti ndogo. Alinieleza desturi yao. Wanafunzi wa Yesu walipobishana nani mkubwa kati yao, alimchukua mtoto akamsimamisha katikati. "Hakuwaambia wamufundishe yule mutoto," akasema Mwalimu Silasi. "Kwa hiyo sisi kila mukubwa tunamupa mutoto wa kumufundisha." Kwenye somo la mwisho mtu mzima humuuliza mtoto aliyepewa jambo asilolijua kweli, na kulipokea jibu bila kubisha. Mtoto akiridhika husema, "Amefika." Asiporidhika husema, "Bado," na mwenye "bado" hubaki mpaka msimu mwingine. Msindikizaji naye hupimwa vivyo hivyo.

Mwalimu wa Shangazi alikuwa Ineza. Alishamwambia "bado" misimu miwili.

Alianza dereva wa fuso, kifua kama mlango wa ghala. Akamuuliza mvulana wake, kwa sauti ya chini, afanyeje ili alale bila kuwasha taa. Mvulana akafikiri. "Hesabu mbuzi ya nyumbani kwenu, moja moja, kwa jina." Dereva akaitikia kwa kichwa. "Amefika," akasema mvulana.

Ikawa zamu ya Shangazi. Akakohoa. "Ineza, unajua kama maharagi ya Kanama inaiva upesi kuliko ya Masisi?"

"Hiyo si swali, Mama," akasema Ineza. "Jibu uko nalo."

"Bon," akasema, Kifaransa cha Goma kikimtoka. "Nani alikufundisha kufunga kamba ya kiatu vibaya namna hiyo?"

Darasa likacheka. Ineza hakucheka. "Mama, na hiyo unajua. Unanigombeza."

"Donc niulize nini? Mi najua mambo mingi, ni kosa yangu?"

"Bado," akasema Ineza.

Uso wa Shangazi ukabadilika. Niliona, na nikaona nina wajibu wa kumtetea. Nikasimama, kadiri mtu anavyoweza kusimama kutoka kwenye benchi lile. Nikasema kwamba kwa heshima zote, unyenyekevu wa kitoto ni fundisho linalowafaa zaidi wenye mamlaka. "Maana mtoto hahoji, sivyo? Mtoto hutii. Kumwambia mtu mzima awe kama mtoto ni kumwambia afunge akili. Je, nani anafaidika akili zikifungwa? Ni wazi. Na je, Mungu aliyeumba akili angetaka..."

Ineza akanyoosha mkono. "Mwalimu, huyu muzee anauliza, kisha anajijibu."

Muzee! Nina miaka ishirini na sita.

"Nauliza ili mfikiri," nikasema.

"Mi nikiuliza mama yangu, nangoja," akasema Ineza. "We hungoji. Na haujauliza mutoto hata moja. Bado."

Mwalimu Silasi alijitahidi sana kutocheka, akatuambia mlango haujafungwa: walio "bado" waje kesho ziwani, wanaweza kufika pale pale. Kama hawatafika, basi ni msimu mwingine.

Jioni Shangazi alinipikia ugali, isombe, yaani kisamvu chao, na sambaza, vile visamaki vya ziwa Kivu vinavyoliwa pamoja na macho yake. "Kula, we uko mufupa tupu." Nikamuuliza kwa nini alinichagua mimi, asiyeamini, kati ya ndugu wote waliookoka.

"Kwa sababu wale wote miaka yote waliniambia, 'Domitila, kuja kanisani,' na mi nikawacheka. Kesho nikitoka kwa maji watasema, 'Si tulikuambia?' We hauwezi kusema ile." Akatoa mfupa wa sambaza mdomoni, ingawa sambaza hawana mfupa wa kutolewa. "Hii ni mara ya tatu. Kesho Ineza akisema bado, mi sitarudi. Mi siko mutu wa kuchekwa na watoto mpaka kaburi."

Na je, yeye anaamini? Nilimuuliza hivyo, na safari hii nilinyamaza. Akala sambaza wengi kabla hajajibu.

"Mi nimechoka kuwa mukubwa," akasema.

Ziwani

Jumapili kanisa zima liliteremka ufukweni wakiimba. Waogeleaji wa kawaida wakasogea kando kwa adabu, na muuza mahindi akahamisha jiko lake karibu. Mwalimu Silasi na mchungaji wa kanisa lao waliingia mpaka kiunoni. Dereva wa fuso akazamishwa, akaibuka akipiga kelele za furaha, maji yakamrukia muuza mahindi.

Zamu ya Shangazi tuliingia pamoja, mimi nikimshika mkono. Kabla ya jambo lolote alikuwa akitoa amri: huyu asogee, yule asiimbe kwa pua, mchungaji asimame vizuri. Maji yalipofika magotini, amri zikaisha. Yalipofika juu kidogo, akasimama kabisa. Nilidhani amekanyaga jiwe. Halafu akaukamata mkono wangu kwa mikono yake yote miwili.

Ameishi kando ya ziwa lile maisha yake yote, kwanza upande mmoja wa mpaka kisha mwingine. Kumbe hajawahi kuingia kupita kifundo cha mguu.

"Turudi?" nikamnong'oneza.

Ndugu wote walikuwa wamejipanga ufukweni, simu juu, tayari kwa "si tulikuambia". Akageuka, akawapita wote kwa macho, akamtafuta Ineza aliyekuwa amekaa juu ya viatu vya watu akivilinda.

"Ineza!" akaita, na sauti haikuwa ile ya mpakani. "Naogopa. Sijui kuingia. Nafanya je?"

Nyimbo zikakatika. Ineza akasimama, akafikiri kama mwalimu anayeheshimu swali.

"Funga macho," akasema. "Shika pua. Regeza mwili kama unalala. Na usiongee, Mama. Ukiongea, maji inaingia."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Shangazi akafunga macho, akashika pua. Kisha, akiwa bado ameshika pua, akanigeukia. "Na we, unajua kushika mutu asizame?"

Nilikuwa na la kusema. Ninyi mnanijua, huwa ninalo. Nilikuwa tayari kuuliza kama mtu huzama kwenye maji ya kiuno, kisha nijijibu. Lakini uzito wake ulikuwa umeshaanza kunilalia mkononi, mwanamke mzima wa vitenge vitatu, na sikuwahi kumshika mtu hivyo.

"Sijui, Shangazi," nikasema. Nikamtazama Ineza. "Nimshike wapi?"

"Chini ya shingo na chini ya mugongo. Kama mutoto."

Nikamshika kama mtoto. Mchungaji akanigeukia mimi, kama desturi ilivyo, akauliza: "Msindikizaji, unaamini?"

Hapo ndipo barabara yote ilipokuwa ikinileta. Nikafungua mdomo. "Sijui," nikasema, na nikasubiri. Hakukutokea kitu. Mchungaji akamtazama Mwalimu Silasi, Mwalimu Silasi akamtazama Ineza, nami nikawa nimembeba Shangazi aliyefumba macho na kubana pua, asiyejua kama anabatizwa au anarudishwa nyumbani.

"Hajajijibu," akasema Ineza kutoka ufukweni. "Wote wawili wamefika."

Shangazi akaenda chini, akarudi. Alitoka majini akikohoa, kitenge kimemgandama, bila amri hata moja. Ndugu wakafungua midomo. Yeye akaninyooshea mkono.

"Iko wapi zawadi yangu?"

"Shangazi, ni la kichanga."

"We uliileta ya nani?"

Gauni halikuingia hata mkono. Kofia aliiweka juu ya nywele zilizolowa, utepe ukaishia masikioni, ikakaa kama kifuniko cha birika. Ndugu mmoja akaanza, "Domitila, si tuli..." kisha akamtazama kichwani, na maneno yakamwishia. Shangazi akapanda pikipiki akiwa nayo, helmeti ikivishwa juu yake, Ineza akiwa amepakatwa mbele, wakaupita mji hivyo.

Kurudi

Rusumo nilimkuta afisa yule yule wa kola.

"Baba wa mtoto! Ulimuona?"

"Nilimwona."

"Gauni lilimutosha?"

"Lilimtosha kichwani."

Akacheka, akagonga muhuri. Upande wa pili basi lilihamia kushoto, nami nikasogeza saa yangu mbele. Kisha nikakumbuka kwamba sikuwa nimeirudisha nyuma. Mpaka Kahama nilikuwa peke yangu katika saa yangu. Ile ya ukutani Kigali sijui nani aliirekebisha. Natumaini mwenye nyumba ana kiti.

Sasa, kila mmoja wenu ananiuliza swali lile lile, Rehema tangu siku ya kwanza: kwa yote hayo, naamini au siamini?

Sijui.